Jina la Angelica Kauffman lipo chini ya picha yangu. Je, ni mkono wake?

"Shikamoo Mwalimu. Naishi Uingereza, nafanya kazi ya kutunza wazee majumbani. Bibi mmoja niliyemtunza alifariki, na binti yake akanipa vitu viwili vilivyokuwa chumbani kwa marehemu. Cha kwanza ni picha ya umbo la yai, rangi yake nyekundu ya kutu, ipo ndani ya fremu ya dhahabu yenye kioo. Msichana ameketi chini ya mti, kaegemeza kichwa mkononi, na kijibwa kipo karibu naye. Chini kushoto pameandikwa kwa herufi ndogo mno 'Angelica Kauffman pinxt', na kulia kuna jina jingine, naona kama 'Ryland'. Cha pili ni sahani ya kauri ya kutundika ukutani, ina wanawake watatu na mtoto mwenye mabawa, na jina hilohilo limeandikwa ndani ya picha. Nimetafuta mtandaoni nikaona picha za huyu mama zinauzwa kwa fedha nyingi sana. Mume wangu anataka tuuze haraka. Kaka yangu aliyeko Tanga anasema nimpelekee akaitunze nyumbani. Na mfanyakazi mwenzangu ananiambia Kauffman hakuwa mchoraji hasa, alikuwa Mwingereza mpamba dari aliyepata jina kwa sababu ya wanaume. Ni kazi yake kweli? Na alikuwa nani?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na jibu fupi ili upate usingizi: kwa maelezo uliyonipa, hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo ambacho Kauffman alikishika kwa mkono wake. Ila usivitie kapu moja. Picha yako, ikiwa ndiyo ninayoifikiria, imetokana naye moja kwa moja na huenda ilichapishwa akiwa hai, akiishi London. Sahani imetengenezwa miaka mingi baada ya yeye kuzikwa.

Tuanze na yale maandishi, maana ndiyo yaliyokutia joto. *Pinxt* ni ufupisho wa Kilatini, "alichora kwa rangi". Jina la kushoto ni la mwenye picha ya asili. La kulia, ambalo kwa kawaida hufuatwa na *sculpt*, ni la fundi aliyeichonga upya kwenye bamba la shaba. Kwa hiyo hiyo si sahihi ya mchoraji. Karatasi yenyewe inakueleza bila kuficha kwamba fulani alichora, fulani akachonga, na wewe umeshika chapa, yaani nakala iliyopigwa kutoka kwenye bamba hilo. Hakuna aliyekusudia kumdanganya mtu. Wanunuzi wa wakati ule walilielewa hilo kama sisi tunavyoelewa majina ya mwimbaji na mtunzi kwenye jalada la santuri.

William Wynne Ryland alikuwa mchongaji wa London aliyejifunza Paris na kurudi na ufundi wa kuchonga kwa nukta. Bamba la shaba hupakwa nta. Fundi huitoboa ile nta kwa sindano na kigurudumu chenye meno, nukta baada ya nukta, kisha bamba huingizwa kwenye asidi, nayo hula shaba pale tu nta ilipotoboka. Nta ikishaondolewa, wino husuguliwa uingie kwenye vitundu, uso wa bamba ukafutwa, karatasi yenye unyevu ikalazwa juu yake na vyote kupitishwa kati ya rola mbili nzito. Nukta zilizosongamana hutoa kivuli, zilizoachana hutoa mwanga, ndiyo maana shavu la msichana wako linaonekana laini bila mstari hata mmoja. Ule wino wa rangi ya kutu nao si uzee wa karatasi. Uliteuliwa makusudi ili chapa ifanane na mchoro wa chaki nyekundu. Kazi hii ilimpa Ryland jina kubwa, lakini haikumtosha: mwaka 1783 alinyongwa London kwa kughushi hati za fedha za Kampuni ya East India.

Sasa huyo msichana. Nikisikia mti, mkono shavuni, kijibwa na Ryland kwa pamoja, namfikiria Maria. Ni mhusika wa kitabu cha safari za Ufaransa alichokitoa Laurence Sterne mwaka 1768, binti aliyerukwa na akili kwa majonzi ya mapenzi, ambaye msafiri anamkuta karibu na mji wa Moulins ameketi chini ya mti na mbwa wake amemfunga kamba. Kauffman alimchora mwaka 1777, Ryland akatoa chapa mwaka 1779, na ikawa mojawapo ya picha zilizopendwa mno Uingereza. Wenye viwanda waliinakili kwenye kila walichoweza, kuanzia vifuko vya saa hadi sinia za chai. Sijaiona yako, kwa hiyo nasema nadhani. Ila ningekuwa mtu wa kuweka dau, ningeweka.

Jinsi ya kujihakikishia si kazi ngumu. Tafuta lenzi ya kukuzia, hata ile ya fundi saa, uiangalie sehemu ya shavu au shingo kupitia kioo bila kuifungua fremu. Nukta zilizochongwa kwa mkono hazifanani: nyingine nene, nyingine hafifu, zimetapakaa zikifuata umbo la uso. Ukiona nukta zimepangika kwa safu zilizonyooka kama wavu, hiyo ni picha ya picha, iliyochapwa kwa mashine za karne ya 19 mwishoni au baadaye. Kisha tazama pembezoni mwa karatasi. Shinikizo la zile rola huacha kingo za bamba zimebonyea, unaziona mwanga ukipiga kwa upande. Kutoziona si ushahidi wa ughushi, kwa sababu watu wengi walikata karatasi ili iingie kwenye fremu. Mwisho, kama mkasi haukupita hapo, chini kabisa utakuta mstari unaotaja aliyechapisha, anwani yake ya London na tarehe. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1735 ya kulinda wachongaji ndiyo iliyotaka tarehe na jina la mwenye bamba viandikwe. Angalia tu usiupe mstari huo zaidi ya haki yake: tarehe ni ya bamba, si ya karatasi. Bamba liliweza kuuzwa na kupigwa chapa tena miaka kadhaa baadaye, nukta zikiwa zimeshalika na vivuli vimefifia.

Hapo ndipo ninapotaka kumjibu mfanyakazi mwenzako, maana biashara hii ya chapa imefungamana na maisha ya huyu mama.

Hakuwa Mwingereza. Alizaliwa Chur, Uswisi, mwaka 1741. Baba yake, Johann Joseph, alikuwa mchoraji wa kuhamahama kutoka Schwarzenberg, kijiji cha milimani ambacho leo kipo Austria, akichora makanisa na sura za wakubwa popote alipoitwa. Binti alikuwa mtoto pekee na msaidizi wake. Mama alipofariki mwaka 1757, baba na binti walirudi Schwarzenberg, na msichana huyo wa miaka kumi na mitano akachora mitume kwenye kuta za kanisa la kijiji. Bado wapo pale. Alikuwa pia na sauti ya kuimba, ikabidi achague. Uchaguzi huo ulimkaa moyoni, kwani akiwa mtu mzima wa miaka hamsini alijichora amesimama kati ya Muziki na Uchoraji, mmoja kamshika mkono, mwingine anamwonyesha hekalu lililo mbali juu ya kilima.

Italia ndiyo iliyomfanya. Alifika Roma mwaka 1763, wakati wachoraji wa mataifa mbalimbali walipokuwa wakiacha madoido ya karne yao na kurudi kwenye sanamu za Wagiriki na Warumi, kwenye maumbo matulivu na visa vya Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki. Kiongozi wa fikra hizo alikuwa mtaalamu wa mambo ya kale, Johann Joachim Winckelmann. Mwaka 1764, Kauffman akiwa na miaka ishirini na miwili, ndiye aliyemchora, amekaa na kalamu mkononi. Mwaka uliofuata chuo cha sanaa cha San Luca, Roma, kilimpokea kuwa mwanachama. Zote hizi ni habari za kabla hajaukanyaga mji wa London. Nimezitaja kwa kuwa ule msemo kwamba wanaume wa Uingereza walimtengeneza hauendani hata na mpangilio wa miaka.

London alifika mwaka 1766 na baba akamfuata. Alikuwa akizungumza Kijerumani, Kiitaliano, Kifaransa na Kiingereza. Mwaka 1768 Mfalme George III alipoidhinisha Chuo cha Kifalme cha Sanaa, Kauffman alikuwa miongoni mwa waanzilishi, mmoja wa wanawake wawili. Mwingine alikuwa Mary Moser, mchoraji wa maua. Wageni hawakuwa wachache katika kundi lile. Bartolozzi alitoka Firenze, Zoffany Ujerumani, West makoloni ya Amerika. Katika maonyesho ya kwanza mwaka 1769 hakupeleka sura za mabibi wenye kofia. Alipeleka picha za Hektori akiagana na mkewe, za Penelope na upinde wa mumewe Odiseo, yaani aina ya uchoraji iliyohesabiwa kuwa ya juu kuliko zote na ambayo wanawake hawakutarajiwa kuigusa.

Wanaume wa Chuo walikuwa na sababu ya kutolitarajia hilo, na sababu hiyo waliitengeneza wenyewe. Kuchora mashujaa kulihitaji kujua mwili wa mwanamume ulivyojengeka, na elimu hiyo ilitolewa darasani mbele ya mtu aliye uchi. Wanawake hawakuruhusiwa kuingia. Zoffany alipochora wanachama wa Chuo wamekusanyika kwenye darasa hilo, picha aliyoifanya mwaka 1771 na 1772, alipata taabu ya wale wawili. Wenzao wote wamesimama au kuketi, wananong'onezana, wanamkazia macho mwanamume wa mfano. Kauffman na Moser wamewekwa ukutani upande wa kulia, kama picha mbili zilizotundikwa. Na baada yao hakuchaguliwa mwanamke mwingine kuwa mwanachama kamili hadi mwaka 1936.

Sasa njoo kwenye dari, maana hapo mwenzako ana chembe ya ukweli. Chuo kilipohamia Somerset House, Kauffman aliombwa kuchora picha nne za umbo la yai kwa ajili ya dari ya ukumbi wa baraza, akazifanya kati ya 1778 na 1780: Ubunifu, Mpangilio, Uchoraji na Rangi, kila moja kwa sura ya mwanamke. Rangi ananyoosha brashi kuichovya kwenye upinde wa mvua, na kinyonga yupo naye. Ile ya Uchoraji ndiyo ninayorudia kuitazama. Mwanamke kakaa na ubao wake, ananakili lile pande la sanamu ya kale la Belvedere, kifua na mapaja ya mwanamume, halina kichwa wala mikono. Sanamu aliruhusiwa kuitazama. Hizo picha leo zipo kwenye ukumbi wa kuingilia wa Chuo hichohicho, Burlington House, na kwa kuwa upo Uingereza unaweza kwenda kuziona kwa macho yako. Lakini dari nyingi nyingine za majumba ya matajiri, zile zilizobuniwa na msanifu majengo Robert Adam, alibandikiwa jina tu. Nyingi zilichorwa na Waitaliano, akiwemo Antonio Zucchi ambaye baadaye alimwoa.

Wakosoaji walisema mashujaa wake ni laini, kama wasichana waliovaa deraya. Sitakuficha: ukiwatazama miguu, wana haki kiasi. Ni matokeo ya mlango ule uliofungwa. Upande wa pili, hao hao wanaume laini ndio wanaozipa picha zake utulivu, na pale anapohitaji uso unaofikiri, kama wa Winckelmann, sioni anachokosa.

Kuhusu wanaume, masengenyo yalikuwa mengi na faida kidogo. Mwaka 1767 alifunga ndoa ya siri na mtu aliyejiita Count de Horn, kabaila wa Uswidi. Ukweli ulipojulikana kwamba jina si lake na cheo si chake, ilibidi alipwe fedha ili aondoke. Kauffman alikuwa Mkatoliki, na hakuolewa tena hadi yule mtu alipokufa. Mwaka 1775 mchoraji Nathaniel Hone alileta kwenye maonyesho picha ya kumkejeli rais wa Chuo, Reynolds, na pembeni akachora watu uchi ambao mmoja wao ilisemekana ni Kauffman. Aliandikia Chuo akidai ama picha itoke au kazi zake zitoke. Picha ikatoka.

Na fedha je? Hapa tunairudia karatasi yako. Matajiri wa Uingereza walipenda kuchorwa wao, hawakuwa na hamu ya kununua Penelope wa futi kadhaa. Mgeni asiye na shamba wala ukoo angeweza kuishia kuchora sura tu. Chapa zilimtoa huko. Mtu wa kipato cha kati asiyeweza kununua picha ya mafuta aliweza kununua Maria wa karatasi, na jina likasafiri hadi nchi ambazo Kauffman hakuwahi kufika. Alipoolewa na Zucchi mwaka 1781 na kuondoka London, wateja walimfuata. Roma aliishi mtaa wa Sistina, jirani na kanisa la Trinità dei Monti, akiwachorea wafalme na wasafiri. Malkia wa Napoli alitaka awe mchoraji wa ikulu, akakataa. Goethe, mwandishi wa Kijerumani, alikuwa rafiki wa nyumbani. Kauffman alimchora mwaka 1787, naye Goethe akalalamika kwamba kijana wa kwenye picha ni mzuri lakini si yeye. Zucchi alikuwa akiandika daftari la kila picha, mteja na bei. Kwa sababu ya daftari hilo, picha ya mafuta "ya Kauffman" ya miaka ya Roma ambayo haina asili yoyote, yaani kumbukumbu ya ilikotoka na nani aliimiliki, hutiliwa shaka mapema. Alifariki Novemba 1807. Mchonga sanamu Canova ndiye aliyesimamia mazishi, na picha zake mbili zilibebwa kwenye msafara.

Turudi kwenye sahani. Kiwanda cha kifalme cha kauri cha Vienna kilifungwa mwaka 1864, na baada ya hapo viwanda vingi viliiga alama yake, ngao ambayo ikigeuzwa hufanana na mzinga wa nyuki. Vilibandika picha za mtindo wa Kauffman kwa karatasi zinazohamishia picha kwenye kauri na kuchapa jina lake humohumo, mara nyingi kwa n mbili. Geuza sahani. Ukikuta ngao hiyo pamoja na jina la Kauffman, au neno kama "Austria" au "Germany", ni ya mwishoni mwa karne ya 19 au ya 20. Jina lile ni sehemu ya pambo.

Kwa hiyo mume wako asikuharakishe, hakuna mamilioni yanayokimbia. Zile bei ulizoziona ni za picha za mafuta. Chapa za nukta zilitolewa kwa wingi, na hali ya kawaida ni makumi ya pauni, mara chache mamia kwa nakala nzuri yenye pembezoni kamili. Sahani nayo ni makumi. Uamuzi wa kuuza au kubaki nazo ni wako, ila ningekuwa wewe ningezitunza, kwa sababu fedha utakayopata itaisha kwenye tiketi ya treni na vocha za simu.

Kaka yako nampa heshima yake, lakini Tanga si mahali pa karatasi hii bila maandalizi. Joto lenye unyevu la pwani huleta kuvu, na kuvu huanza pale karatasi inapogusa kioo. Hata hapo ulipo, itoe karibu na dirisha na hita. Usiisugue kwa mkate, maji wala kitambaa chenye dawa. Ukiona karatasi imegandamana na kioo, au madoa ya kahawia yanaenea, usifungue fremu mwenyewe. Mpelekee fundi wa kuhifadhi karatasi, na mwulize gharama kabla hajaanza, maana inaweza kuzidi thamani ya picha.

Kwa kuthibitisha, kampuni nyingi za mnada hutazama picha bure kwa siku maalumu. Peleka kwenye idara ya chapa, si ya picha za mafuta. Na chumba cha kusomea chapa na michoro cha British Museum hupokea watu wa kawaida kwa miadi. Omba kuonyeshwa Maria wa Ryland, ukiwa na picha za simu za yako, ulinganishe mstari kwa mstari. Hawatakwambia bei, hiyo si kazi yao.

Jambo la mwisho hukuliuliza, lakini ni muhimu kuliko yote hapo juu. Mwombe binti wa marehemu akuandikie barua fupi yenye tarehe, kwamba amekupa vitu hivi viwili kwa hiari yake na vilikuwa vya mama yake. Kisha mwoneshe mwajiri wako. Kazi za kutunza wazee huwa na kanuni za zawadi, na ni heri uliseme leo kuliko kuulizwa kesho. Barua hiyohiyo ndiyo itakayokuwa asili ya picha yako siku ukitaka kuiuza.

Sahani itundike ukutani kama ilivyokuwa. Ukiishusha siku moja kwa ajili ya wageni, usiipashie chakula kwenye maikrowevu, ukingo wa dhahabu utatoa cheche.